Mwenzangu Aliridhika

"Tema!"

Mke wangu alikuwa amenikamata taya kwa mkono mmoja, kama mtu anayemnywesha mbuzi dawa, na mkono wa pili ameukinga chini ya kidevu changu. Alikuwa ametoka jikoni hadi mezani kwa hatua mbili, yeye mwenye goti bovu, yeye ambaye kengele ya mlango ikilia huniambia nimwambie mgeni asubiri mwaka mpya.

"Tema nakwambia! Unataka kunifanya mjane kwa ajili ya keki?"

Nikatema. Kipande cha keki ya karanga kikaangukia kiganjani mwake, naye akakitazama kama mtu aliyekamata nge. Nimekula karanga tangu nilipoota meno. Asubuhi ileile, nikirudi kutoka kwa kinyozi, nilikuwa nimemaliza pakiti nzima barabarani na kukung'uta maganda kwenye koti kabla ya kuingia ndani.

"Mama watoto," nikasema, "kuna nini?"

"Kuna nini? Ananiuliza mimi kuna nini!"

Ili ieleweke jinsi mtu wa umri wangu, mwenye cheti, alivyofika mahali pa kutemeshwa chakula kama mtoto, inabidi nirudi nyuma miaka mitatu.

Nilikuwa fundi wa mizani. Kwa miaka thelathini na minne nilizunguka madukani, maghalani na viwandani nikihakikisha kwamba kilo ni kilo. Nilipofika miaka thelathini na sita nilijiandikisha masomo ya usiku, nikakaa dawati moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa, na cheti kilipotoka nilikitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi. Mke wangu akakishusha chini ya picha. Nikakipandisha. Tuliendelea hivyo kama wiki mbili, kimyakimya, mpaka vikaja kukaa sambamba, na hapo ndipo vilipo hadi leo.

Nilipostaafu nilipata shida ambayo watu hawaisemi: macho yangu yalikuwa bado yanataka kupima, na hapakuwa na cha kupima. Nilianza kupima mambo ya nyumbani. Mke wangu akavumilia wiki tatu, halafu akaniambia kama sitafuti kazi, atanitafutia nyumba nyingine. Ndipo nikaona tangazo maktabani. Kampuni moja ilitafuta wateja wa siri: watu wa kwenda kwenye mikahawa, wakae kama wateja wengine, wale, waangalie kila kitu, kisha waandike ripoti. Gharama ya chakula ingerudishwa. Niliandika barua ya maombi kwa mkono, kurasa mbili, bila kufuta hata neno. Walinichukua.

Kazi zilitangazwa kila Jumatatu kwenye orodha, nami nilichagua zile za mikahawa yenye vitambaa vya meza, kwa maana zilikuwa za watu wawili. Kanuni ya nne ilisema ni vizuri mtu unayekwenda naye asijue, ili atende kama kawaida. Nakiri kwamba ilisema "ni vizuri". Haikusema "lazima". Lakini mara ya kwanza nilipomwambia mke wangu, "Vaa, tunatoka," akaniuliza, "Msiba wa nani?" Nikamjibu, "Sisi hatuwezi kwenda kula tu?" Niliona uso wake ukifunguka kama dirisha lililokwama siku nyingi. Baada ya hapo nani angesema ukweli?

Basi akaamini kwamba najua kupanga pensheni. Akamwambia dada yake. Dada yake akamwambia mumewe, na yule bwana, niliyekuwa simpendi sana, akanipigia simu kuniuliza siri ya kuweka akiba. Nikamwambia ni nidhamu. Nikavimba kichwa siku nne.

Kila mwezi tulitoka. Nilificha saa ya mkononi chini ya kitambaa cha meza na kuhesabu dakika: za kukaribishwa, za kinywaji, za supu. Nilikwenda chooni kukagua sabuni na taulo, kila mara, kwa kuwa ndivyo ripoti ilivyotaka. Na swali la kumi na moja lilitaka nimuulize mhudumu kama chakula kina karanga, nione kama anajua kilichomo jikoni kwake. Niliuliza kwa uso wa hakimu.

"Kijana, humu hamna karanga? Hata chembe?"

"Hamna, mzee."

"Una hakika? Nenda ukaulize jikoni."

Mke wangu alikaa pale, mikono mapajani, akisikiliza. Halikunijia hata siku moja kwamba anasikiliza. Niliona tu kwamba karanga zimetoweka nyumbani. Lile kopo lake la karanga lililokuwa karibu na jiko, lililokuwa halikai tupu tangu tulipooana, maana yeye ndiye mlaji mkubwa kuliko wote ninaowajua, likaanza kutiwa vifungo. Nikadhani ni meno. Mtu mstaarabu hamuulizi mkewe habari za meno yake. Nikawa nakula zangu barabarani.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Jumatatu moja nilipofungua orodha na kukuta mikahawa haipo. Nilifunga, nikafungua tena. Vitambaa vya meza vyote vimekwenda na maji. Kulikuwa na kazi za kusimama dirishani kununua chipsi, mtu mmoja, dakika sita. Kulikuwa na kazi ya kununua kahawa bila kushuka kwenye gari, nami gari sina. Zilizobaki ni za kuagiza chakula kikaletwa mlangoni.

Nilimpigia simu msimamizi wetu, binti mchangamfu ambaye sijawahi kumwona uso.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Binti, orodha imeharibika."

Akacheka. "Haijaharibika, mzee. Watu hawakai tena, wanabeba. Wenye mikahawa wanataka kujua chakula kinafika kikiwa moto au la. Mambo ya kukaa mezani wameacha kutulipa."

"Na sisi tunaokaa?"

"Nyinyi tutawaletea nyumbani."

Nilikata simu na kukaa. Chumba cha pili mke wangu alikuwa akijaribu gauni jipya la kijani alilolishonesha kwa ajili ya safari ya mwezi ule. "Tunakwenda wapi safari hii?" akaniuliza kupitia mlangoni. Nikasema nina mafua. Wiki iliyofuata nikasema kuna dalili za mvua. Yeye akachungulia nje, akatazama jua, akanitazama mimi, akarudisha gauni kabatini. Yale macho yalinipima, nikapungua uzito. Kumwambia ukweli ilikuwa ni kumwambia kwamba yule mume aliyemsifu kwa dada yake hakuwahi kuwepo. Kuendelea kudanganya, hali ya hewa ingenisaliti.

Nikapata hila. Nilichukua kazi ya kuletewa. Nilitandika meza kwa shuka jeupe, nikamwambia avae gauni, leo mkahawa unakuja wenyewe. Alicheka mpaka akajifuta macho. Kijana wa pikipiki alipobisha hodi nilipokea maboksi, na mke wangu alipokwenda jikoni kunawa, nikachomoa kipimajoto mfukoni nikakidunga kwenye kuku. Halafu nikafungua boksi la mwisho. Karatasi ya kazi ilisema: keki ya karanga, lazima ionjwe mara ifikapo. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Nikauma.

Hapo ndipo aliponikamata taya.

"Karanga zinakudhuru!" alisema, akihema. "Miaka mitatu unawauliza watu wa watu mpaka wanakimbilia jikoni. Miaka mitatu sijatia karanga mdomoni, nisije nikakubusu nikakuua!"

Nilijaribu kusema kitu cha maana. Kilichotoka ni hiki: "Mimi nilidhani ni meno yako."

"Meno yangu yana nini?"

"Hayana kitu."

"Na hicho kilichosimama ndani ya kuku ni nini?"

Kipimajoto kilikuwa bado kimesimama pale, kama bendera. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kama inaweza kuishia kwenye paja la kuku. Nikapiga moyo konde, nikaenda kuleta jalada, nikaliweka mbele yake. Ripoti thelathini na tatu, nakala safi, zimepangwa kwa tarehe. Nilisimama nikisubiri hukumu juu ya pensheni. Nilikuwa nimekwisha kuandaa utetezi, wenye vipengele.

Akavaa miwani. Akasoma ya kwanza, ya pili, akarukia ya kumi. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Uso wake haukuonyesha hasira, na hilo likanitisha zaidi.

"Unaandika vizuri," akasema.

"Ahsante."

"'Supu ilifika baada ya dakika tisa. Kijiko kilikuwa na alama ya kidole upande wa kushoto.'" Akafunua. "Na mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha. Mwisho wa kila ripoti kulikuwa na mstari mmoja.

"'Mwenzangu aliridhika,'" akasoma. Akafunua nyingine. "'Mwenzangu aliridhika.' Hapa tena. Hapa tena. Hata siku ile samaki alipokuwa mbichi, nimeridhika." Akavua miwani. "Haya, bwana mkaguzi. Kwenye ule mkahawa wa mapazia mekundu, nilikusimulia kisa kirefu. Kisa gani?"

Nilikumbuka mapazia. Nilikumbuka kwamba moja lilikosa pete mbili. Nilikumbuka dakika kumi na nne za kusubiri nyama, na maji ya bomba yaliyotoka kwa kusitasita. Nilitafuta sauti yake katikati ya vitu hivyo vyote na sikuikuta.

"Hukunipeleka kula," akasema. "Ulinipeleka kazini."

Habari ya pensheni hakuigusa kabisa. Nilikuwa nimelinda mlango ambao hakuna aliyetaka kuuingia. Akavuta boksi la keki upande wake, akachukua kijiko, akala keki yote, mpaka chembe za pembeni, akifumba macho. Sikuthubutu kuomba. Alipomaliza akasema, "Jumamosi utanipeleka tena. Kwa pesa yako. Na hiyo saa iache hapa."

Jumamosi tulikwenda mahali padogo karibu na stendi, meza za plastiki, chumvi ndani ya kikombe. Pensheni ilitosha, ingawa haikupenda. Mkono wangu bila saa ulikuwa mwepesi, nilikuwa sijui niuweke wapi. Mhudumu alichelewa kufika, sijui dakika ngapi. Nilitaka kwenda chooni na mke wangu akaniuliza, "Una haja, au una kazi?" Nikakaa.

"Sasa sikiliza," akasema. "Unakumbuka mizani ya duka la mjomba wangu?"

Ningeisahauje? Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, na ile mizani nilikwenda kuitengeneza mara tano mwezi mmoja. Naitengeneza, inakaa sawa, siku ya tano naitwa tena, inadanganya gramu ishirini. Bosi wangu nusura anifukuze. Katika maisha yangu yote ya kazi ni mizani moja tu iliyonishinda, na ndiyo hiyo. Faraja yangu pekee ilikuwa kwamba kule dukani, nyuma ya kaunta, ndiko nilikomwona yeye.

"Mimi ndiye niliyekuwa naiharibu," akasema.

"Nini?"

"Nilikuwa nabandika nta ya mshumaa chini ya sahani. Donge dogo tu. Mjomba akianza kulalamika, unaitwa wewe. Kabla hujafika nakuwa nimekwisha kuibandua, wewe unahangaika na springi huko ndani. Shati lako lilikuwa limekosa kifungo cha tatu. Mara ya nne nikaona bado hujasema kitu, nikaongeza nta."

Karibu miaka arobaini nilibeba aibu ya ile mizani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kwenye mapazia mekundu. Ukatikisa kichwa, ukasema, 'Vizuri sana,' ukaenda chooni."

Tukacheka mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Nikamwambia aanze upya, tangu nta ya kwanza, asiruke kitu. Akaanza upya. Kulikuwa na mambo mengi: jinsi mjomba alivyomshuku paka, jinsi yeye mwenyewe alivyoiba mshumaa kwa mama yake, nilivyosema mara ya tatu nilipoona yuko peke yake dukani, maneno ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa yalikuwa ya kijana mjinga.

Mhudumu akaja na kusimama kando yetu.

"Chakula kilikuwaje, mzee?"

Nikatazama sahani yangu. Ilikuwa tupu, na nilikuwa sijui nimekula nini.

"Rudi baadaye kidogo, kijana," nikamwambia. "Hajafika mwisho."