Machozi ya Mwalimu Munyao

Kijiji kizima, nje kidogo ya Kotile, kilijua kwamba Mwalimu Munyao hulia. Aliyekuwa hajui ni Munyao mwenyewe.

Kila ikifika saa nne, upepo ukianza kuzoa vumbi la uwanjani, macho yalimwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Yaliiva mekundu, machozi yakamchuruzika mpaka kidevuni, naye yuko ubaoni anafundisha hesabu. Akijifuta kwa mkono wa shati, anaendelea. Vumbi tu hili, alijiambia. Alikuwa amenunua dukani matone ya kufanya macho yawe meupe, akawa anayatia asubuhi, mchana na jioni, na kadiri alivyotia ndivyo yalivyozidi kuwasha.

Sasa wanakijiji nao wana adabu zao. Mtu mzima akilia, humkodolei macho wala humwulizi kitu. Unamtendea wema, basi. Anab, mama wa chai pale langoni, akawa anamwekea maziwa ya ngamia bila kuombwa. Wazee wakampisha kivulini. Wanafunzi wa gredi ya tisa, wa kwanza kabisa kufika darasa hilo shuleni hapo, wakanyamaza kimya akiingia. Munyao akawapigia simu ndugu zake kule kwao Mwala, akawaambia hajapata kuona watu wakarimu kama hawa. Alikuwa na raha zake jamani, na raha kubwa ilikuwa hilo darasa: watoto kumi na mmoja, mtihani mwisho wa mwaka, naye ameapa habanduki hapo mpaka awavushe.

Alhamisi moja mwalimu mkuu, Sugow, akamwita ofisini. Alikuwa anatabasamu hadi jino la mwisho.

"Ndugu yangu, nimekuandikia barua ya uhamisho. Jumatatu inakwenda ofisi ya elimu, Garissa. Unarudi kwenu!"

Munyao akaisogelea meza. "Uhamisho? Nani ameomba uhamisho?"

"Usione haya. Miezi saba unalia mbele ya watoto kwa kukumbuka nyumbani. Hata mimi nilipokwenda chuo huko bara nililia. Ila mimi nililia bwenini."

"Silii mimi! Ni vum..." Na papo hapo, feni ya ofisi ikimpuliza usoni, machozi yakamporomoka. Sugow akamsogezea kitambaa, akatazama dirishani kwa heshima.

"Mkuu, nakusihi," Munyao akasema, na sasa sauti ilitetemeka kweli. "Ukinihamisha sasa, wale watoto watamaliza na nani? Usiitume hiyo barua kabla hujaniona Jumatatu. Nitakuletea karatasi ya daktari."

Ijumaa hiyo alikuwa Garissa, mbele ya Daktari Idil wa kliniki ya macho, mwanamke mwembamba asiye na mzaha. Alimtia rangi ya manjano machoni, akammulika kwa taa ya buluu, akamkataza kupepesa.

"Moja, mbili, tatu. Inatosha, unyevu umeshakauka. Macho yako ni makavu."

Munyao akacheka, huku anajifuta. "Daktari, usinitanie. Makavu, na haya yanayomwagika?"

"Yanamwagika kwa sababu ni makavu," Idil akajibu. "Machozi mazuri yana mafuta kidogo juu yake, ndiyo yanayokaa machoni. Vitundu vya mafuta kwenye kope zako vimeziba, kwa hiyo unyevu unakauka mara moja. Jicho likikauka linauma, likiuma linaita maji, na maji hayo hayana mafuta. Yanapita tu. Na hii dawa ya weupe, nani alikuandikia?"

"Niliinunua tu dukani."

"Basi iache leo."

Akampa masharti: kitambaa cha maji ya moto, yasiyochoma, juu ya kope dakika kumi asubuhi na jioni, kisha azikande taratibu kwa kidole safi. Matone ya kulainisha macho mara nne kwa siku. Miwani ya kukinga upepo. Asikae mbele ya feni, na akisahihisha madaftari akumbuke kupepesa. Arudi baada ya wiki sita, na akiona ukungu au maumivu makali asingoje hata siku moja. Munyao akaomba ile karatasi. Idil akaandika: *Mgonjwa halii. Ana macho makavu.*

Sugow aliisoma mara mbili, kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka. Barua ya uhamisho akaichana vipande vinne. Munyao akashusha pumzi ambayo aliibana tangu Alhamisi.

Anab ndiye aliyekasirika. "Miezi saba nakuombea dua, mwalimu, kumbe hii macho yako imekauka tu? Wallahi umenionea!" Lakini kesho yake asubuhi alikuwa amemtengea birika la maji ya moto, na siku zote zilizofuata hakukosa hata moja.

Wiki ya pili muwasho ukapungua. Wiki ya nne akafundisha kutwa nzima bila kugusa mkono wa shati. Wiki ya sita Idil akamulika tena, akahesabu mpaka tisa, akamwambia, "Hii haiponi moja kwa moja. Usiache kitambaa."

Aliporudi kijijini, alikuta gredi ya tisa wamejipanga langoni, na Sugow na Anab nyuma yao. Walikuwa wameshika mbuzi jike mwenye kichwa cheusi, na mwanambuzi wake ananyonya.

"Tulichanga tukamnunua kitambo," alisema msichana mmoja, Ramla, "awe zawadi yako ya kurudi nyumbani. Sasa amezaa, na wewe huendi popote. Basi mfuge hapa kwetu."

Munyao akapiga magoti, akampapasa mwanambuzi. Macho yake yaliyokaa wiki mbili bila hata tone yakajaa, yakafurika.

"Pole, mwalimu!" Anab akaruka. "Dawa iko wapi? Tia dawa!"

"Si macho, mama," Munyao akasema, na wala hakujifuta. "Leo nalia mimi mwenyewe."

Sugow akakohoa, akapapasa mfuko wa shati.

"Nikalete kalamu niandike ile barua?"

"Thubutu!" akafoka Munyao, huku analia na kucheka, amemkumbatia mbuzi wake.