Jino Lisilo na Tabaka

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata geti la makumbusho sikuliona mpaka nilipoligusa. Nilisali kwenye ngazi za nyuma kama kawaida yangu, kisha nikaenda kuwasha taa za maabara, moyo mweupe kama wa mtu aliyemaliza kazi vizuri. Ijumaa nilikuwa nimeandika upya lebo arobaini na sita.

Kwa miaka kumi na saba nilifagia makumbusho haya. Nilipoanza masomo ya jioni, nikiwa na miaka hamsini na moja, mtafiti wetu wa papa alinikuta nimeegemea ufagio, nasoma maandishi ya kabati kwa sauti, silabi moja moja. Hakucheka. Alikwenda kuniombea kazi ya maabara kwa mkurugenzi, akanipa kiti mezani kwake, kibano na trei. Wafanyakazi tunamwita Bibi Meno, naye huitika. Ndiye aliyenifundisha kwamba mwili wa papa huoza wote na meno ndiyo hubaki, na kwamba papa hakai na pengo: nyuma ya kila jino limejipanga jingine, na jingine, maisha yake yote. Siku hiyo nilipiga magoti nikamshukuru Muumba kwa kinywa cha samaki.

Meno yetu arobaini na sita yalichimbwa zamani kwenye makazi ya watu wa kale. Moja lilikuwa limetobolewa tundu dogo kwenye mzizi, la kupitishia uzi. Kama lilitoka tabaka la nne la udongo, la chini kabisa, basi wakazi wa kwanza wa mahali pale walijipamba kwa meno ya papa. Bibi Meno alikuwa ameandika makala juu ya jambo hilo kwa miaka mitatu.

Lebo za meno hayo zilikuwa chafu, zimetafunwa na mende, mwandiko wa kuku. Nyuma zilikuwa na namba ndogo za penseli. Nilidhani ni hesabu za mtu aliyekuwa akipitisha muda. Nilinakili maandishi ya mbele yote kwa wino mweusi, herufi zimesimama kama askari. Zile kuukuu nikazitupa kapuni.

"Shikamoo, Bibi," nilimwamkia alipoingia.

"Marahaba, mwanafunzi. Ee! Mwandiko gani huu? Mwalimu wako apewe ng'ombe!"

Aliichukua lebo moja, akaigeuza. Akageuza ya pili. Ya tatu hakuimaliza.

"Za zamani ziko wapi?"

"Nilizitupa, Bibi. Zilikuwa chafu."

"Namba za nyuma ndizo tabaka."

Gari la taka lilikuwa limepita Jumamosi. Daftari la wachimbaji nalo liliharibiwa na maji kabla sijaajiriwa. Jino lisilo na tabaka ni pambo tu. Halisemi lilikuwa la nani wala la lini.

Bibi Meno aliirudisha lebo mezani. Nilingoja matusi, na ningeyapokea.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Hapa lebo haitupwi, hata ikiwa imeandikwa uongo. Mpya hulazwa juu ya ile ya zamani. Nilikufundisha meno, sikukufundisha karatasi. Sasa niambie: uliyaosha?"

"Ulinikataza."

"Basi Mungu hajatuacha. Lete chupa za udongo."

Wachimbaji walikuwa wamehifadhi udongo wa kila tabaka kwenye chupa: mchanga mweupe, majivu, udongo mwekundu, na chini kabisa tope jeusi lenye vipande vya kombe za baharini. Na mizizi ya meno ina vitundu vinavyoshika udongo. Kwa siku nane tulikaa kwenye hadubini, jino baada ya jino. Bibi Meno alichokoa chembe kwa sindano, mkono haumtetemeki, na umri wote ule. Kila mara alinitaka niseme kwanza ninachoona, ndipo naye aseme. Tulipotofautiana hakunishinda kwa cheo, alinisogezea hadubini, "Hebu tazama tena." Mara mbili nilikuwa sahihi mimi, naye akaandika hivyo.

Meno arobaini na moja yalipata tabaka. Manne yalitushinda. Likabaki lile la tundu, nalo lilikuwa jeupe pee.

"Nani ameliosha hili?"

Mpiga picha wetu alijikuna kisogo. "Si mlitaka ling'ae?"

"Tulitaka lionekane!"

Bibi Meno alipotoka, mpiga picha alininong'oneza, "Dada, si wewe uliyenakili? Sema umeikumbuka namba ya nyuma. Nne. Nani atakubishia?"

Shida ni kwamba nilipofumba macho niliiona nne hiyo, penseli yake na kila kitu.

Nyumbani sikufungua daftari la shule. Kitinda mimba wangu, ambaye hunisahihishia hesabu bila huruma, alisogea.

"Mama mtoro leo?"

Nikamweleza.

"Kwani unaikumbuka hiyo nne au huikumbuki?"

"Natamani iwe nne."

"Mh. Ningekuandikia hivyo mimi kwenye mtihani, ungenipa vema?"

Baba yake alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi nilikwenda chumbani kusali. Sikuomba kukumbuka, nilijua ningekumbuka chochote nilichokitaka. Niliomba ulimi uniwie mzito.

Ijumaa watafiti wote walikaa na mkurugenzi. Bibi Meno alisoma matokeo, akasimulia kosa lake kwanza, langu baadaye. Kisha akanigeukia.

"Nitakuuliza mara moja tu. La tundu, unakumbuka namba yake?"

Mpiga picha alinikazia macho. Nilisimama.

"Sikumbuki, Bibi. Natamani, lakini sikumbuki."

"Basi makala imekufa," alisema mkurugenzi.

"Imeng'oka jino, haijafa," alijibu Bibi Meno. Alichukua kalamu, akapiga mstari kwenye kurasa nne, moja baada ya nyingine, polepole, kazi ya miaka mitatu. Sijaona mtu akipoteza kitu kwa heshima kama ile. Kisha alinisukumia lebo tupu.

"Liandikie."

Niliandika: *Tabaka halijulikani. Lebo ya awali ilitupwa kwa kosa.* Chini yake nikatia jina langu lote, la kwangu na la baba.

"Upande wa mashariki wa makazi yale haujaguswa," Bibi Meno alimwambia mkurugenzi. "Naomba kibali cha kuchimba. Na atakayeandika lebo ni huyu."

"Huyu huyu?"

"Huyu huyu. Wengine hawajapimwa."

Mkurugenzi alinigeukia. "Mama, una la kusema?"

Nilikuwa bado nimesimama. "Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: nitaandika tabaka mbele, nitaliandika nyuma, nitaliandika daftarini. Na nisipojua, nitaandika sijui."