Jalada Tupu

Nta nyekundu ilidondoka juu ya kifuniko tone baada ya tone, na kabla haijapoa Profesa Vang akamwambia Tove aweke dole gumba lake. Tove akalibonyeza. Nta ilimchoma kidogo, mchomo wa kutekenya tu, na alipoinua mkono, mistari ya kidole chake ilikuwa imebaki pale, imejizungusha kama njia ya mlimani isiyofika kileleni. Chini ya nta hiyo, ndani ya chupa ya mdomo mpana, mlikuwa na maji ya ziwa, tope la unene wa vidole viwili, nyuzi chache za magugu ya majini, na konokono mmoja aliyepitwa ukubwa na punje ya hindi.

"Basi," alisema Profesa. "Tangu sasa hakiingii kitu, hakitoki kitu. Kazi yenu ni kutazama."

Profesa na darasa lake walikuwa wamesimama juu ya ziwa lenyewe. Barafu ilikuwa imekaza kama sakafu ya kanisa, nao walikuwa wameitoboa kwa keekee ndefu, wakachota uhai uliojificha chini yake. Wavuvi wa mjini, waliokaa kwenye vibanda vyao vya mbao na ndoano zao ndani ya matundu, waliwatazama kwa huruma ya watu wazima kwa watoto. Mmoja aliuliza kama hao ndio wale wa Biolojia ya Washairi. Wakakubali kwamba ndio. Somo hilo lilikuwa na jina refu la heshima kwenye vitabu vya chuo, lakini Minnesota nzima ya upande ule ililijua kwa jina hilo la utani, na wavuvi waliwaona washairi wapya wakitetemeka pale kila Januari.

Chuo chao kidogo kilikuwa na imani moja tangu enzi za waanzilishi wake: kwamba hawezi kuitwa msomi ajuaye upande mmoja tu wa dunia. Mchanganya kemikali sharti asome mashairi. Msoma mashairi sharti achafue mikono maabara. Hakuna shahada bila hilo. Tove Brekke alisoma tamthilia na ushairi, na humo alikuwa samaki majini. Lakini somo la sayansi lenye maabara alilizunguka tangu mwaka wa kwanza, kama mtu anayezunguka mbwa aliyelala mlangoni. Alijiandikisha elimu ya nyota, akatoka kabla hata mawingu hayajapisha nyota. Akajiandikisha elimu ya miamba, akaona sanduku la kwanza la mawe, akatoka. Sasa muhula wa mwisho ulikuwa umefika, mlango ni ule ule mmoja, na mbwa hajaondoka.

Kilichomnyima usingizi si mbwa mwenyewe. Ni kwamba mbwa huyo aliwahi kumng'ata mama yake.

Lorna Brekke alisoma chuo hicho hicho. Alipungukiwa na kitu kimoja tu, somo la sayansi. Desturi ya pale ni kwamba aliyepungukiwa na kidogo hanyimwi sherehe: huvaa joho pamoja na wenzake, hupanda jukwaani, hushikwa mkono na rais wa chuo, na hupewa jalada la buluu lenye nembo ya dhahabu kama wengine wote. Tofauti ni kwamba jalada lake halina kitu ndani. Lorna alisema angemalizia kiangazi. Kiangazi kikamkuta na mimba ya Tove, vuli ikamkuta katika chumba cha kufulia nguo za hospitali, na huko ndiko alikokuwa hata sasa. Jalada lilikaa kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza vya Krismasi. Tove alipokuwa mdogo alilifungua siku moja, akaliona tupu, akadhani kilichokuwamo kimedondoka. Akaitoa droo nzima akitafuta. Mama yake alimkuta amekaa sakafuni katikati ya vitambaa, wala hakumgombeza. Alivikunja upya kimoja kimoja.

Kila wiki walitakiwa kuandika ukurasa mmoja juu ya chupa. Wiki ya kwanza Tove aliandika kwa moyo wake wote. Konokono alikuwa mfungwa asiyejua kosa lake. Magugu yalikuwa nywele za mwanamke aliyezama, bado anamwita aliyemwacha ufukweni. Katika madarasa yake mengine ukurasa kama huo ungesomwa kwa sauti. Huu ulirudi na maneno mawili ya penseli chini: *Umeona nini?*

Wiki ya pili aliandika kwamba chupa ni chuo chenyewe, theluji ni kioo, na wao wote ni konokono. Penseli ikajibu: *Huenda. Umeona nini?*

Odessa, mwenzake wa chumbani, mwanafunzi wa kemia mwenye nyusi zilizowahi kuungua zikaota upya bila mpango, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bibie, wewe unaulizwa saa unaeleza maana ya wakati."

"Nimeandika nilichoona."

"Umeandika ulichohisi. Kioo chako kina ukungu, na ukungu wenyewe unatoka kinywani mwako."

Tove alikasirika siku mbili. Lakini wiki zilivyosonga alianza kuiogopa ile penseli kuliko alivyowahi kuogopa mtihani. Alikuwa akikaa mbele ya chupa dirishani, kalamu mkononi, na kila sentensi iliyomjia ilikuja imevaa nguo. Akiivua nguo, haibaki sentensi. Nje theluji ilianguka juu ya theluji. Njia zilizochimbwa kati ya majengo zilikuwa nyembamba, kuta zake zikimfika kifuani, na mtu hakuweza kwenda ila kule njia ilikotaka.

Machi likizo ilifika na chuo kikabaki kitupu. Odessa alikwenda kwao. Tove alibaki kumalizia tasnifu yake, yeye na chupa, na dhoruba ikafunga barabara. Ndipo maji yakageuka rangi ya chai. Magugu yakawa manjano. Konokono, aliyekuwa akizurura huku na huko, alipanda kioo mpaka juu kabisa, akajibandika kiooni chini kidogo ya kifuniko, akatulia hapo. Asubuhi yuko hapo. Alasiri yuko hapo.

Mama yake alipiga simu. Alikuwa na furaha ya kujizuia, ile ya mtu abebaye sahani iliyojaa. Alisema ameshanunua gauni la mahafali ya Mei, la kijani kibichi, na kwamba wanawake wote wa chumba cha kufulia wanajua tarehe. Kisha akauliza chupa inaendeleaje. Tove akasema inaendelea vizuri.

Alipokata simu alirudi dirishani. Konokono hakuwa amesogea. Tove alihisi hewa ya chumba imekuwa nzito, na hakujua tena ni nani anayekosa pumzi, yule wa ndani ya kioo au huyu wa nje. Kanuni ilikuwa wazi: chupa ikifunguliwa, haihesabiki. Alilijua hilo alipokuwa akichukua kisu cha siagi. Alilijua alipokuwa akikata nta, na alama ya dole lake ikavunjika vipande viwili kama biskuti.

Kifuniko kilipotoka, harufu ya tope na mayai mabovu ilijaa chumbani. Tove alichovya penseli yake ndani, akaiegemeza ukingoni iwe daraja. Pembeni aliweka bakuli la maji safi. Kisha akangoja.

Konokono, aliyekuwa chini kidogo tu ya ukingo, alitoa pembe zake. Akajivuta juu. Akagusa ukingo wa chupa kwa pembe moja, kisha ya pili, pale pale ambapo kioo kinakwisha na dunia inaanza. Tove alizuia pumzi. Konokono akageuka. Polepole, bila kuteleza na bila kuharakishwa na mtu, akashuka kioo chote mpaka kwenye tope, akafika kwenye jani la manjano, akaanza kulila kutoka nchani.

Tove alikaa pale mpaka mwanga ulipofifia dirishani. Alishangaa kukuta mguu wake umekufa ganzi.

Odessa aliporudi, hata begi hakulitua.

"Umeifungua."

Tove hakukana. Odessa aliivua kofia yake taratibu, akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alisema mshumaa mwekundu uko kwenye sanduku la Krismasi, na nta ni nta.

"Na dole gumba ni lako, mshairi. Nani atajua kwamba umebonyeza mara mbili?"

Waliifanya pamoja. Iliwachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Tove aliinamia kifuniko akatafuta tofauti, haikuwapo. Mistari ni ile ile, imejizungusha vile vile. Na hapo ndipo mlango ulipofungwa kweli. Maana kila kazi inayoandikwa katika chuo kile humalizwa kwa sentensi moja ambayo mwanafunzi huiandika kwa mkono wake na kutia sahihi: *Sikudanganya, wala sikumnyamazia aliyedanganya.* Ndiyo maana walimu wa pale huwaachia wanafunzi mitihani wakaenda zao kunywa kahawa. Tove alimtazama Odessa, Odessa akatazama pembeni. Nta ile ilikuwa imewafunga wawili.

Alijaribu kuandika ukurasa wa wiki hiyo. Angeweza kusema tu kwamba maji yameanza kutakata, jambo ambalo lilikuwa kweli. Uwongo mzuri, alijua, hujengwa kwa matofali ya kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi aliyojifunza miaka yote, na alikuwa fundi. Aliandika, akachana. Akaandika, akachana. Kila mara penseli ile isiyokuwapo ilimuuliza swali lake lile lile, na alichokuwa amekiona kilikuwa kimoja tu.

Hatimaye aliandika hivi: *Nilikata nta. Nilitoa kifuniko. Konokono aligusa ukingo kwa pembe ya kwanza, kisha ya pili. Akageuka. Alishuka mpaka kwenye tope. Alikula jani la manjano kuanzia nchani. Baadaye niliweka nta nyingine.* Ukurasa haukujaa hata nusu. Hakumtaja Odessa. Akaubeba mwenyewe, na chupa chini ya koti.

Profesa Vang aliusoma amesimama, viatu vyake vya mpira bado vina theluji. Akausoma tena.

"Kwa nini alirudi?"

"Sijui."

"Wengine wangeniambia amezoea kifungo."

"Niliandika hivyo, Profesa. Nikafuta."

Profesa aliketi. Akaigeuzageuza ile karatasi kana kwamba ilikuwa na upande wa tatu.

"Ningenyamaza usingejua," alisema Tove.

"Nisingejua," alikubali Profesa. Kisha akasema, bila ukali na bila kubembeleza, kwamba kanuni inabaki kanuni na chupa hiyo haihesabiki. Kwamba barafu ya ziwa bado itambeba mtu kwa siku chache. Kwamba akianza nyingine sasa, akaitazama muda wake kamili, ataimaliza Julai. Hakusema lolote juu ya mahafali. Hakukuwa na haja.

Tove alimpigia mama yake akiwa kwenye ngazi za maabara, kabla ujasiri haujapoa. Alieleza yote kwa mpangilio, kama alivyoandika. Upande wa pili alisikia maji yakitiririka kwenye sinki, kisha akasikia bomba likifungwa.

"Julai si mbali," alisema Lorna mwishowe. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Hata mimi nilisema hivyo."

Mei ilikuja na jua lake jembamba. Lorna alikuja na gauni la kijani. Jina la Tove lilipoitwa, alipanda jukwaani, akashikwa mkono, akapewa jalada la buluu, na makofi yakapigwa kama ya wengine. Baadaye, penye nyasi, watu walipokuwa wakipiga picha na kula keki, mama yake alinyoosha mkono. Alilichukua jalada, akalifungua, akapitisha kiganja ndani yake taratibu, kama mtu anayefuta vumbi mezani. Akalifunga. Aliomba tu aoneshwe hiyo chupa.

Chumba kilikuwa kimeshafungashwa nusu, maboksi ya Odessa yamerundikwa mlangoni. Chupa ya pili ilikuwa dirishani, nta juu, alama ya dole juu ya nta. Maji yalikuwa maangavu. Lorna aliiinamia, mkoba bado begani, uso wake karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaacha duara la ukungu, likatoweka, likarudi.

"Mbona huyu konokono amepanda juu hivi?" aliuliza. "Anataka kutoka, masikini?"

Jibu lilimjia Tove papo hapo, lote, limeshavaa vizuri. Akaliacha lipite.

"Unaona nini, Mama?"

Lorna aliweka mkoba chini, akavua viatu vipya vilivyokuwa vimembana tangu asubuhi, akavuta kiti.