Kura ya Vidole Vyangu

Tangu macho yangu yafe, mwanangu Eliamini ndiye aliyekuwa akipiga kura kwa niaba yangu hapa kijijini Kilema. Kila uchaguzi nilimnong'oneza jina la mgombea, yeye akaweka alama ya vema. Safari hii msimamizi akanipa jalada lenye matundu, la wapiga kura wasioona. Nikamwambia Eliamini asubiri nje. Yamekufa macho, sikufa mimi. Vidole vilivyochambua kahawa maisha yote vilipapasa matundu, vikapata la mgombea wangu.

Nilipotoka, akanishika mkono kwa hasira. "Mama, umempigia nani?"

"Yule yule ninayekutajia kila uchaguzi. Kwani wewe ulikuwa unampigia nani?"

Alininyamazia mpaka tukafika nyumbani, kwenye migomba yetu, na kwa ukimya ule nikajua kwamba miaka yote hiyo yeye alipiga kura mbili, mimi sikupiga hata moja.