Besi Iliyopotea Katikati ya Chumba

Watu sita walijua kwamba spika zangu zimeungwa vibaya, na kwa miaka mitatu hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Walikuja kwangu mara tano. Walivua viatu, wakakaa, wakanywa chai, wakala tambi za mke wangu, wakasikiliza, wakasifu, wakavaa viatu, wakaenda zao. Mimi nikabaki nachimba sakafu.

Mimi ni fundi wa lipu hapa mjini Kiryu. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano, nikashika mwiko. Sinema ya Hinode ilipofungwa, kabla hawajaibomoa, nilikwenda na lori langu nikanunua spika mbili za honi zilizokuwa nyuma ya pazia. Kila moja inanipita urefu. Ni mbao nzito, mdomo mpana kama mlango wa tanuri, na ndani kabisa ya koo kuna koni ya karatasi ya kutoa besi. Juu yake inakaa honi ndogo ya chuma kwa sauti nyembamba. Katika sinema ile ndimo nilimokuwa nakaa na Yasue kabla hajawa mke wangu. Ngoma ya vita ikipigwa kwenye filamu, uliisikia tumboni kabla ya masikioni. Nilitaka ngoma ile nyumbani kwangu. Sikutaka kingine.

Koni ya spika ya kushoto ilikuwa imeungua. Niliipeleka kwa mzee mmoja wa Maebashi, akaisuka waya upya. Iliporudi nikaunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya.

Spika zikaingia chumba cha kusini, na hicho kilikuwa chumba cha Yasue. Yeye hushona kimono. Wakati huo alikuwa akilishonea duka la Kawabe zile nyeusi za kuvaa msibani: uzi mweusi kwenye hariri nyeusi. Kazi hiyo huwezi kuifanya kwa taa, inataka jua la dirishani. Tulikubaliana spika zikae ukutani na yeye abaki na meza yake dirishani.

Wiki ya kwanza tu aliniambia, "Baba, nikiwa hapa pembeni ngoma naisikia vizuri. Nikipita katikati na chai inapotea. Kama mtu ameizima."

"Mama, wewe shona," nikamjibu.

Nilimjibu hivyo hivyo. Siwezi kuliacha nje.

Klabu yetu inaitwa Jumapili ya Tatu. Tuko saba, tunazungukiana majumbani mara moja kwa mwezi kusikiliza santuri. Mwenyekiti ni Daktari Nagumo, mganga wa meno. Mwalimu Usuda alifundisha fizikia hadi akastaafu, na haachi daftari lake. Wengine wana maduka, mmoja yuko benki. Mwenye kutumia mikono ni mimi peke yangu.

Siku walipokuja kwangu mara ya kwanza niliweka santuri ya ngoma. Ilipokwisha kila mtu aliangalia magoti yake. Kisha Daktari Nagumo akavuta pumzi.

"Sauti ya juu ni hariri, Bwana Horigome. Hariri kabisa. Na ya chini... ina staha."

"Ina staha sana," akasema wa benki.

Mwalimu Usuda akaandika kitu kwenye daftari.

Mimi si mjinga. Nilielewa kwamba besi haitoshi. Nikauliza nifanye nini. Wakatazamana.

"Pengine ni chumba," akasema daktari. "Vyumba ni vitu vigumu."

Basi. Mtu wa lipu ukimwambia tatizo ni chumba, umempa kazi. Niling'oa mikeka ya tatami yote minane na mbao zilizokuwa chini yake, nikachimba, nikamwaga zege nene kama lile la gereji ya malori. Yasue akahamisha meza yake mara mbili kukwepa vumbi. Klabu ikaja tena. Wakagonga sakafu kwa visigino, wakashangaa. Hiyo ni kazi, wakasema. Besi? Bado ina staha.

Nikauliza tena. Wa benki akasema labda inatokea dirishani, maana kioo ni chembamba. Nadhani alitafuta tu la kusema. Mimi nikaliziba dirisha. Tofali, zege, lipu mikono mitatu, mpaka usingejua kama paliwahi kuwa na dirisha. Ni ukuta mzuri kuliko wowote niliowahi kupiga, na sasa hivi naona aibu kuusifu.

Yasue alisimama mlangoni na kimto cha kuchomekea sindano mkononi. "Na mimi nitashonea wapi, baba?"

"Kwenye ukumbi mdogo, karibu na bafu. Kuna taa."

"Taa."

"Miezi michache tu. Ikikaa sawa tutaona."

Alibeba meza mwenyewe. Nilikuwa na lipu mikononi.

Mwaka wa tatu nikaongeza mabawa kwenye midomo ya honi, mita mbili kila upande, mbao mbili mbili zenye mchanga katikati, kwa sababu Mwalimu Usuda alinichorea kwenye karatasi kwamba mdomo ukiwa mpana besi hushuka zaidi. Mchoro ulikuwa sahihi. Nataka ulikumbuke hilo: yule mzee alikaa mezani kwangu, akanichorea mchoro sahihi wa kutibu ugonjwa ambao alijua sinao.

Duka la Kawabe lilianza kurudisha kimono mwaka huohuo. Mshono wa begani umetoka nje ya mstari. Mkono mmoja ni mrefu kwa upana wa ukucha. Yasue alikuwa anafumua na kushona upya huku uso umekaribia kugusa nguo. Nilipomwambia aongeze taa nyingine aliendelea kufumua.

Mwezi Julai mwaka huu akaja Kiyono. Kiyono hufunga spika za sherehe za Bon, za kuwakumbuka wafu, hapa mtaani, zile za kwenye nguzo, watu wanapocheza kuzunguka jukwaa la ngoma. Ana miaka thelathini na minane, mdomo wake hauna breki. Alikuja mchana kuazima majukwaa yangu ya kupigia lipu. Alinikuta nimeweka ile santuri ya ngoma.

Akavua viatu bila kuulizwa. Akaingia, akasimama katikati. Akaenda kushoto hatua tatu, akarudi. Akaenda kulia, akarudi. Alikuwa kama mtu anayenusa gesi inayovuja.

"Mzee Horigome, nani alikufungia hizi?"

"Mimi mwenyewe."

"Moja inasukuma, nyingine inavuta. Zinakulana."

"Unasema nini?"

"Ninasema besi yako yote inafia hapa niliposimama. Una tochi?"

Nikampa tochi. Akaitoa betri, akachomoa waya za spika kwenye amplifaya. Bila dirisha chumba kilikuwa giza, na tochi ndiyo hiyo ameshaifumua. Yasue akaja na taa yake ya kushonea, akaishika mbele ya mdomo wa honi ya kulia ili tuone koni kule ndani. Kiyono akagusisha waya kwenye betri, nyekundu juu, nyeusi chini. Koni ikaruka mbele.

Tukahamia kushoto. Waya vilevile, betri vilevile. Koni ikarudi nyuma.

"Umeona? Aliyekusukia hii aliizungushia waya upande mwingine. Hutokea. Spika za zamani kila moja na tabia zake, rangi haikwambii kitu. Ndiyo maana mimi huanza na betri."

Aligeuza waya mbili za kushoto. Akaweka santuri.

Ngoma ikanipiga tumboni. Miaka thelathini, na ni ileile. Nilikaa chini palepale kwenye zege. Nilipotaka kusema kitu nikaona Kiyono amekunja uso.

"Sasa imezidi," akapiga kelele. Kila pigo lilikuwa linabaki chumbani, la pili linalikuta, ikawa mngurumo mmoja kama uko ndani ya pipa. Akapunguza sauti. "Mzee, hiki si chumba, hili ni tangi. Umejenga zege kila mahali, besi itokee wapi? Sakafu ya mbao ingeinywa kidogo. Na dirisha lingesaidia sana. Hapakuwa na dirisha hapa?"

Yasue alizima taa yake, akarudi ukumbini.

Jumapili ya tatu tulikuwa kwa Daktari Nagumo. Sikusubiri chai.

"Spika yangu ya kushoto ilikuwa imeungwa kinyume," nikasema. "Miaka mitatu. Nani alijua?"

Magoti, magoti. Kila mtu anaangalia magoti.

"Mwalimu Usuda, soma daftari lako. Siku ya kwanza uliandika nini?"

Mzee hakulifungua. "Niliandika 'kushoto kinyume'," akasema polepole. "Na alama ya kuuliza."

"Alama ya kuuliza!"

"Bwana Horigome," akasema daktari, "sote tulisikia. Lakini ulikuwa umetukaribisha kwako. Mama ametupikia. Mtu angeanzia wapi? Nilisema ina staha, nikadhani umenielewa."

"Nilimwaga zege!"

"Ndiyo, na sisi tulishtuka. Tukasema labda ndivyo anavyopenda."

Wa benki akaongeza, na huyu ndiye aliyenimaliza: "Tena wewe hukusoma haya mambo, Horigome. Hatukutaka ujisikie vibaya."

Nikasimama. "Sikilizeni. Nikiwa kijana wa miaka kumi na sita nilipiga ukuta ukapinda. Bwana mkubwa wangu aliukwangua wote mbele ya wateja, akaniambia, piga tena, pumbavu wewe. Jioni ukuta ulikuwa umenyooka. Yule mtu aliniheshimu. Nyinyi mmenifanya mtoto. Mmekula kwangu mara tano mkiniangalia nikibomoa nyumba yangu, mkaiita adabu. Mke wangu anashonea gizani kwa adabu yenu!"

"Kaa, fundi," akasema daktari. "Kunywa kidogo."

"Sikai. Na wewe, hizo honi zako za shaba, za bei ya gari, zinalia kama mtu anakwangua sufuria. Kila mwanamke akiimba hapa naumwa jino."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Daktari Nagumo akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, natafuta viatu vyangu. Nilikuwa nimekula kwake pia, mara tano, nikasema honi zake ni tamu kama kengele ya hekalu. Hilo liliniuma kuliko mengine yote, na linaniuma bado, lakini halikupunguza hasira hata kidogo. Niliwaambia kwaherini, nikaenda.

Nilipofika nyumbani nilichukua nyundo kubwa nikauvunja ule ukuta wa dirishani. Yasue alikuja akasimama nyuma yangu.

"Ulinisikia wiki ile?" akauliza. "Nilipokwambia inapotea katikati?"

"Nilisikia."

"Ulisikia."

"Nilisikia, mama. Sikukusikiliza."

Akachukua ufagio.

Hesabu yote ni hii. Saruji mifuko arobaini na moja. Mikeka ya tatami minane, ambayo iliozea uani. Mchanga wa mabawa, nusu lori. Dirisha moja la kusini, limezibwa na kurudishwa, na jua lake la miaka miwili. Klabu moja ya watu saba. Kimono nyeusi kumi na saba zilizorudishwa, na miwani mbili za Yasue, ya pili nzito kuliko ya kwanza. Kurekebisha kulichukua dakika nne na betri ya tochi.

Meza yake imerudi dirishani tangu Agosti. Duka la Kawabe limepata mshonaji mwingine, mwanamke wa Ashikaga. Yasue alikuwa amewashonea miaka kumi na tisa.