Wifi na Picha ya Kaka Yake

"Hivi wewe, magazeti watu wakishayasoma unayakatakata. Unatafuta nini humo?" jirani alimwuliza mjane siku moja.

"Natafuta rangi."

Jirani akacheka hadi akashika mbavu, na tangu hapo mtaa mzima ukamwita Mama Mkasi.

Alianza na kalenda kuukuu na mifuko ya unga, akibandika vipande juu ya boksi kwa gundi aliyoipika mwenyewe. Kisha binti yake akamfundisha kutumia simu: unambonyeza mtu pichani kwa kidole, ananyanyuka, unamhamishia picha nyingine, na kule alikotoka bado yupo. Mama Mkasi akanogewa. Mwezi mzima alihamisha watu.

Ndipo wifi yake akamwazima picha ya marehemu mumewe: kijana, mlangoni pa karakana, ameshikana mkono na dada yake, wifi mwenyewe. Ilikuwa hiyo hiyo, hakuna nyingine.

"Kaa nayo mpaka Jumapili. Ikipotea, hunijui sikujui."

Mkono ukishazoea hauulizi. Alichukua mkasi, akamzunguka mumewe, kofia, sikio, bega, akambandika kwenye meza ya karatasi ya buluu, katikati ya wajukuu ambao marehemu hakuwahi kuwaona. Kisha akageukia picha ya zamani. Wifi alikuwa amesimama peke yake, ameshika tundu.

"Mama, usilie," binti alisema. "Nitaviunga vipande kwa simu, tuchapishe picha mpya. Shangazi hatajua."

"Mungu atajua. Tena shangazi yako ana macho ya kunguru."

Jumapili wifi alivikuta vyote viwili mezani: picha yenye tundu, na boksi alilobandikwa kaka yake.

"Wifi yangu, nimekukosea. Nilisahau kwamba karatasi si simu."

"Ulimchukua nyumbani kwetu, nikanyamaza. Leo umemchukua hadi mkononi mwangu?"

"Nisamehe, wifi."

Wifi aliinama juu ya ile kazi mpya, akawatazama wajukuu mmoja mmoja, kisha akamtazama kaka yake kwa muda mrefu.

"Huyu hakutulia mezani hivi maishani mwake. Umemtuliza lini?"

"Nilijaribu miaka thelathini, wifi. Ilibidi nimgandishe."

Wifi akaung'ata mdomo ili asicheke. Akachukua mkasi, akajikata mwenyewe kutoka kwenye kile kipande kilichobaki, polepole, hasa kwenye vidole. Akachovya gundi, akajibandika ubavuni mwa kaka yake, mkono juu ya mkono, akakandamiza kwa dole gumba. Kisha akaliinua boksi zima kwa viganja viwili, gundi ikiwa bado mbichi, akaondoka nalo kwenda kwake.