Bufee Iliyoshuka Ngazi

Jumamosi ya harusi ya Anjelika, saa nane na robo mchana, Mwalimu Lidwina Mapunda alisukumwa kwenye kiti chake hadi meza namba kumi na nne, kati ya spika na makreti ya soda. Mezani palikuwa na maua ya plastiki, chupa mbili za maji na kibao cha kadibodi kilichoandikwa WASIOJIWEZA. Lidwina alikigeuza kikatazama ukutani. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza kusoma na kuandika kwa miaka thelathini na mmoja, tena kwa mguu mmoja mzima na magongo mawili, na alikuwa amewazika walimu wenzake wengi waliojiweza. Hakuwa tayari kuelezwa hali yake na kadibodi.

Ukumbi wenyewe ni meli. Uko pembeni mwa mji wa Songea, upande wa barabara ya kwenda Namtumbo, mahali ambapo ukitaka kuiona bahari itakubidi ulale njiani. Mwenye ukumbi, Mzee Amedeus, zamani mnunuzi wa mahindi, aliwahi kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, akaiona meli ya watalii imetia nanga bandarini, nyeupe pe, na watalii wakizungukazunguka kule juu na sahani mikononi. Alirudi Songea na miwani mipya na wazo. Akajenga meli ya tofali na saruji, akaitundikia maboya, akaiandika ubavuni MV SUZANA, jina la mkewe, mama ambaye hata mto Ruvuma huuvuka akiwa amefumba macho. Ghorofa zake ameziita sitaha, kama za melini. Na kwa kuwa kwenye ile meli ya watalii chakula kililiwa juu, bufee na jukwaa la maharusi viko Sitaha ya Juu. Kufika huko kuna ngazi kumi na saba. Lidwina alikuwa amezihesabu akiwa chini.

Zamani angezipanda. Kwa magongo alipanda mpaka mnara wa kengele kanisani, mara moja, kwa ubishi tu. Lakini mwaka juzi alianguka jikoni akavunjika nyonga, na tangu hapo anatembelea kiti mwendo. Tangu hapo pia amekula sherehe nyingi za watu bila kuchagua chakula hata mara moja. Mtu humjia akitabasamu, akamuuliza, "Mwalimu, nikuletee nini?" na kabla hajajibu, keshaondoka. Huletewa shingo ya kuku, wali uliopoa na kabichi. Songea nzima inaonekana kukubaliana kwamba asiyetembea hupenda shingo.

Hilo alilizoea. Lililomleta siku hiyo ni jambo jingine.

Anjelika alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, Ekaristia. Alimchukua akiwa na miaka minne, na alimlisha uji wa ulezi kwa kijiko kwa sababu mtoto aligoma kula tangu siku ya mazishi. Baba wa mtoto, Polikarp, alikuwa ameaga kwamba anakwenda Lusewa kulima tumbaku msimu mmoja. Msimu ulichukua miaka ishirini na mbili. Alikumbuka kuwa ni baba siku barua ya posa iliposomwa, akaja amevaa suti, na mkewe Tabu mkononi. Sasa kwenye harusi zetu, baada ya chakula, bibi harusi huwaita wazazi wake jukwaani, akawalisha keki kwa mkono wake mbele ya watu wote. Hapo ndipo watu hujua nani alimlea nani. Lidwina alitaka kuitwa wa kwanza, apande jukwaani, afumbue mdomo. Hakutaka kingine chochote katika harusi ile, wala hakuona haya kulitaka.

Ndiyo maana alilisema mapema, kikao cha tatu cha kamati. Aliomba wajenge mtelemko wa mbao tu, kiti kipite.

"Mwalimu, usiwe na wasiwasi," alijibu mwenyekiti, Athanasi, ambaye hajawahi kuwa na wasiwasi juu ya jambo lisilomhusu. "Utabebwa. Vijana wapo."

"Nilibebwa kwenye sendofu moja ya kumuaga bibi harusi," alisema Lidwina. "Gauni lilinipanda mpaka kiunoni, na mshereheshaji akatangaza kwamba mzigo umefika. Mimi siyo gunia la mahindi, Athanasi."

Mzee Amedeus, aliyeitwa kikaoni kwa ajili ya ukumbi, alikohoa. "Kwanza, meli haina mtelemko," alisema. "Ila nitaongea na fundi."

Athanasi akaandika kwenye daftari la kamati, hoja namba saba: Linafanyiwa kazi. Ikaja mifuko mitatu ya saruji, na fundi akaitumia kujenga nanga kubwa getini, kwa sababu wageni hupenda kupigia picha pale.

Basi siku ya siku Lidwina alikuwa chini, akiitazama harusi ya mwanawe kwenye luninga iliyotundikwa juu ya makreti. Aliwaona watu wa juu wamepanga foleni ya bufee, sahani vifuani, wakichungulia masufuria. Athanasi akashuka na sahani.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuwahishia."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

Ilikuwa shingo.

"Rudisha," alisema Lidwina. "Niachie sahani tupu. Nitajipakulia mwenyewe."

"Jamani, Mwalimu. Utajipakuliaje na bufee iko juu?"

Athanasi akaiondoa shingo kwa tishu, akamwachia sahani. Lidwina aliiweka sahani tupu mapajani, akakunja mikono na kutazama ngazi kwa yale macho ambayo kwa miaka thelathini na mmoja yaliwafanya watoto wa darasa la kwanza watoe wenyewe vitu walivyoficha mfukoni.

Dakika tano hivi zikapita. Kisha bufee ikaanza kushuka.

Ilishuka kwa utaratibu wake uleule wa mezani. Vikatangulia vijiko na uma, vikiwa vimefungwa kwenye tishu. Likafuata sufuria la wali mweupe, ngazi baada ya ngazi, likipumzika kidogo kila baada ya tatu kwa sababu lilikuwa zito. Ukaja ugali, ndizi, maharage, kisamvu, na nyuma yake sinia la mbasa wa kukaanga waliotoka ziwani Nyasa asubuhi ya siku iliyotangulia. Nyama ilikuja karibu na mwisho. Biasha, mpishi aliyekuwa akiilinda, alishuka nayo sambamba, koleo mkononi, akisema kila ngazi, "Kipande kimoja kimoja tu, jamani, kimoja kimoja." Kachumbari ilifunga msafara.

Watu wa foleni nao wakashuka nyuma ya masufuria, wamenuna. Aliyekuwa wa kwanza kule juu sasa alijikuta wa tatu, na shemeji mmoja wa bwana harusi alisema kwa sauti kwamba kuna watu wanatumia maradhi kupita mlango wa nyuma. Mshereheshaji, Emanuel, akatangaza kwenye kipaza sauti, "Wageni waalikwa, bufee imehamia Sitaha ya Chini kwa muda. Tunaomba uvumilivu wenu."

Masufuria yakajipanga mbele ya meza namba kumi na nne, kimo cha kiti. Lidwina akachukua upawa. Akaweka wali kidogo, akaacha ugali, akaweka kisamvu, akakirudisha nusu kwa sababu tu aliweza kukirudisha. Kwenye mbasa alikaa muda mrefu. Alimgeuza mmoja, akamgeuza wa pili, akamchukua wa chini kabisa, mnene, mwenye tumbo lililokaukia vizuri. Foleni ilipumua kwa nguvu nyuma yake. Alifurahi mno, furaha ya kitoto, na hakuificha.

"Nyama kimoja, Mwalimu," alisema Biasha.

"Najua. Nipe kile."

Alipomaliza, masufuria yalirudi juu na watu wakayafuata, isipokuwa wachache walioamua kukaa palepale. Mzee Amedeus alishuka akipangusa miwani. Aliziangalia ngazi na makreti, kisha akauangalia mwiba wa samaki kwenye sahani ya Lidwina, na uso wake ukachanua.

"Mwalimu, si unaona?" alisema. "Mungu mwenyewe kamaliza kazi. Mtelemko wa nini tena?"

"Wa kunipandisha mimi," alisema Lidwina. "Mimi siyo chakula."

"Lakini ulichokuwa unakifuata huko juu si kimekuja?"

Athanasi akafungua daftari, akaitafuta hoja namba saba, akaandika: Imetekelezwa. Alimwomba Lidwina aweke sahihi. Lidwina alimwambia aende zake.

Saa tisa na nusu Emanuel akatangaza keki. Lidwina akasukuma magurudumu mwenyewe mpaka chini ya ngazi, akafunga vizuri kilemba, akajipangusa mdomo. Akazitazama ngazi kwa macho yaleyale yaliyoshusha masufuria. Akazitazama sana. Ngazi zilikaa vilevile, kumi na saba, zimepigwa deki. Kumbe vyombo vilikuwa na hiari ya kushuka tu, na hakukuwa na kitu pale chenye hiari ya kumpandisha.

Kwenye luninga Anjelika aliangaza huku na huku, kisu mkononi.

"Mama yuko wapi?" alisikika akiuliza kwenye kipaza sauti.

Hapo Lidwina akameza yote aliyoyasema kikaoni. "Basi nibebeni," alisema. "Jamani, nibebeni!" Lakini aliyasema karibu na spika, na spika ilikuwa ikicheza wimbo wa keki. Vijana wale wa kubeba walikuwa juu, simu hewani, wakirekodi.

"Mama mlezi yuko chini ametulia!" alijibu Emanuel. "Bufee imemfikia, na keki itamfikia! Makofi kwa mama!"

Wakapiga makofi. Anjelika akageuka kuelekea ngazi, kwa haki lazima isemwe kwamba aligeuka. Mpambe akamwambia mkia wa gauni utachafuka. Mpigapicha akamwambia mwanga wa chini ni mbaya. Athanasi akaonyesha saa. Na Polikarp alikuwa keshafika mbele ya keki na mkewe, wamesimama bega kwa bega, midomo wazi. Anjelika alisimama kidogo, akiwa katikati ya huku na kule. Kisha akawalisha. Polikarp alitafuna taratibu ili picha zitoke nyingi. Tabu alilia machozi, na watu wakasema, mama ni mama.

Kipande cha tatu kilibaki kwenye ncha ya kijiti, mkononi mwa bibi harusi. Kikajichomoa, kikashuka. Kilipita ngazi zote kumi na saba bila kudondosha hata chembe, kikaja kusimama mbele ya mdomo wa Lidwina, kwenye kimo ambacho mkono wa mtu ungekuwa. Mkono wenyewe haukuwepo. Kikangoja.

Lidwina hakufumbua mdomo. Alijua akifumbua kitakachotoka ni kilio, mbele ya watu aliowafundisha kuandika majina yao. Akageuza kiti, akatoka nje. Keki ikamfuata. Bajaji iliyomrudisha nyumbani ilipita pale kwenye nanga ya saruji, ambako shemeji yule wa foleni alikuwa akipigwa picha.

Siku hizi MV Suzana inajaa kuliko zamani. Watu wakikodi ukumbi huuliza kwanza kama Mwalimu Lidwina ataalikwa, na getini pamebandikwa tangazo: WAGENI WASIOWEZA KUPANDA WATAFUATWA NA CHAKULA. Meza namba kumi na nne hugombaniwa. Kwenye harusi iliyofuata Lidwina alikuta wameikalia Athanasi, mke wa Athanasi na wanaume wawili wenye miguu ya kuchezea mpira, kila mmoja na sahani tupu mapajani. Yeye wakamweka mlangoni, penye upepo. Bufee ilishuka kama kawaida, na wakampisha apakue wa tano.

Anjelika anaishi Namtumbo na mumewe. Hupiga simu kila Jumapili baada ya misa. Jumapili ya kwanza hakuigusia harusi kabisa. Ya pili aliuliza kuhusu mvua. Ya tatu ndipo akasema, kwa sauti ndogo:

"Mama, ile keki uliipata?"

Lidwina aliitazama. Ilikuwa bado hewani, mbele ya kabati la vyombo, kimo cha mdomo wake, sukari ya juu imegeuka njano na kupasuka. Sisimizi hawakuweza kuifikia. Kila akipita na kiti humpisha kidogo, kisha hurudi kungoja.

"Ilifika," alijibu.

"Basi nashukuru, Mama. Nilikuwa na wasiwasi." Sauti ikachangamka. "Mama, na mtoto akija, ubatizo tutafanyia palepale kwa Mzee Amedeus. Nimeshaongea naye. Amesema wewe hata usihangaike kupanda."

"Sawa, mwanangu," alisema Lidwina.

Akaweka simu mezani, akasogeza kiti, na keki ikampisha apite kwenda kubandika maji ya chai.